Ndege Aliyeuliza Kinyume

Kuna fundi pale Sakina, jirani na magereji ya barabara ya Nairobi, ambaye bado anatengeneza televisheni za chogo. Wiki iliyopita nilimpelekea pasi yangu iliyokufa, nikamkuta amewasha mojawapo, ameiacha mgongo wazi ili aichunguze. Joto lilipopanda, vumbi lililokaa ndani miaka mingi likaanza kuungua. Harufu hiyo ukiikulia huisahau. Ni ya vumbi, ya plastiki ya moto, na kwa mbali ni ya karanga zilizozidi kukaangwa. Iliponifikia mdomo ulijaa mate, halafu kifua kikajaa hasira. Mate yalikuwa ya gemu. Hasira ilikuwa ya Godi.

Godi ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Jina lake la ubatizo ni Godlisten, na kama mmewahi kukaa Arusha mnajua tunavyoyapenda majina ya namna hiyo. Niseme mapema tusisumbuane: sijamsamehe. Nimempikia, nimemuazima mwavuli, nimecheza kwenye harusi yake mpaka kiatu kikakatika mkanda, na bado sijamsamehe. Bibi yetu alizoea kusema kisasi mwachie Mungu. Nilimwachia, ila nikawa napita mara kwa mara kumuuliza amefikia wapi.

Nilikuwa darasa la tano. Baba mdogo, ambaye alikuwa dereva wa watalii na alikuwa akilala kwetu kila aliporudi kutoka safari, alikuja siku moja na begi aliloachiwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ndani mlikuwa na kofia, raketi iliyolegea nyuzi, na mashine ya gemu yenye pedi moja na diski moja. Diski ilikuwa imechubuka mpaka jina halisomeki. Sisi tukaiita gemu ya Birika.

Nitawaelezaje gemu ya Birika? Mhusika wake alikuwa birika dogo la rangi ya machungwa lenye miguu ya chura. Aliishi kwenye kisiwa kilichonyonywa rangi zote kikabaki kijivu, na kazi yako ilikuwa kutembea naye ukimimina rangi kutoka mdomoni mwake. Ukilimiminia jiwe, lilipiga chafya likawa zambarau. Ukimiminia mti, ulijinyoosha na kuanza kuimba kwa sauti ya mzee mwenye mafua. Nyumba zilikuwa na aibu, ukizikaribia bila kupiga hodi zilikupa mgongo. Kulikuwa na kisima kilichocheka kikitekenywa. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyekimbizana na mtu. Baba aliangalia mara moja akauliza huyo birika anatafuta nini hasa, nikamjibu hatafuti kitu, anapaka rangi. Akarudi kwenye redio yake.

Lakini kilichonishika hakikuwa rangi peke yake. Gemu nilizokuwa nimeziona kwenye mabanda zilikuwa bapa: mtu anakimbia kulia, anaruka, anapiga, anakimbia tena kulia. Hii ilikuwa na nyuma. Ukiona nyumba, ungeweza kuizunguka. Ukiona kilima, ungeweza kwenda upande wa pili. Mnaelewa maana yake kwa mtoto wa Sakina? Mlima Meru ulisimama pale kila siku Mungu aliyoijalia, na kila siku ulituonyesha ubavu uleule. Nilikuwa nimewauliza watu wote nyuma yake kuna nini. Baba alisema kuna mlima. Mwalimu alisema kuna wanyama. Bibi, aliyezaliwa huko juu kabisa, shamba la mwisho kabla ya msitu, alisema kuna baridi. Kwenye gemu ya Birika nilienda mwenyewe. Nyuma ya kilima cha kwanza nilimkuta mbuzi amekaa kwenye beseni anapiga tarumbeta, na aliponiona akaacha, akajifanya alikuwa anaoga. Nilicheka mpaka Bibi akaja kuona kama ninaumwa.

Kuna jambo lingine ambalo wasichana wenzangu watalifahamu bila maelezo. Nyumbani nilikuwa mtu wa kutumwa. Nai lete maji, Nai fungia kuku, Nai kamkatie ng'ombe majani. Ndani ya kile kisiwa hakuna aliyenituma. Nilikwenda nilikotaka, nikapaka nilichotaka, na kila nilichopaka kilinishukuru.

Sasa niwaambie kuhusu ndege, maana kila kitu kinakuja kumwangukia yeye. Ukitaka kuzima gemu bila kupoteza ulichofanya, ilibidi upite kwa ndege mmoja mkubwa mwenye tai shingoni na mfuko chini ya mdomo. Alikikunja kisiwa chako kama mkeka, akakishika, kisha akauliza swali kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili lilikuwa hivi: "Hutaki nikutunzie?" Chini yake kulikuwa na vibonyezo viwili, yesi na noo. Ukimwambia unataka, alikimeza kisiwa kikawa salama kwenye kadi ndogo iliyochomekwa kwenye mashine, ile tuliyoiita memori. Ukimwambia hutaki, alikikung'uta mpaka rangi zote zikadondoka, za leo, za jana na za juzi, ukaanza upya kwenye kijivu.

Siku ya kwanza nililisoma swali, nikalielewa, nikajibu kama nilivyolelewa. Kwetu mtu akikuuliza "Hujala?" na kweli hujala, unasema "Ndiyo." Kama umekula, unasema "Hapana, nimekula." Ndege aliniuliza hutaki nikutunzie, nami nilitaka, basi nikabonyeza noo. Hapana, nataka! Akakikung'uta. Ilikuwa ni ufukwe tu na mawe machache, lakini nililia kama niliyefiwa.

Bibi alikuwa pale sebuleni, kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua maharage. Hakuwa akijua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alinitaka nimweleze, nikamweleza neno kwa neno. Akafikiri, akarusha harage bovu nje.

"Kwa hiyo huyo ukitaka unamwambia ndiyo, na usipotaka unamwambia hapana, hata akiuliza kinyume?"

"Ndiyo, Bibi."

"Huyo hakufundishwa kuongea na watu," akasema. Tangu siku ile, kila nilipokaribia kuzima gemu, alinikumbusha bila kuinua macho: "Mjibu yesi yake, mjukuu wangu, usije ukalia tena." Lilikuwa neno pekee la Kizungu nililowahi kulisikia kinywani mwake, na alilitamka kwa kulidharau kidogo.

Kisiwa kilikua. Nilipaka ufukwe, msitu unaoimba, soko la kobe, na mji wa nyumba zenye aibu, ambazo mwishowe zilinizoea hata zikawa zinanifungulia milango. Kifuani mwa birika palikuwa na jina. Kulikuwa na fundi cherehani mle ndani, kaa mwenye miwani, aliyekushonea jina ulilotaka. Birika langu liliitwa NAI.

Likizo ya Desemba Godi akaja kutoka Dar. Alikuwa amenizidi miaka miwili, ana miwani ya jua, na Arusha nzima aliiona ni ya washamba. Baba mkubwa alimleta, akakaa siku mbili, akamwacha kwetu mpaka baada ya mwaka mpya. Jioni ya kwanza tu Godi akanikuta kisiwani.

"Oya, gemu ya katuni hii? Lete pedi, dogo."

Nikasema ninacheza. Baba mkubwa, bila hata kugeuka kutoka kwenye chai yake, akasema maneno niliyokuja kuyachukia kuliko viboko: "Mwache mwenzio acheze. Yeye mgeni, wewe ni wa hapahapa." Kila aliyekuwepo akatikisa kichwa kukubali. Bibi peke yake hakutikisa. Alikuwa anachambua maharage.

Ukiwa wa hapahapa unangoja, na mgeni haishi kuwa mgeni. Godi alicheza asubuhi, akacheza mchana, mimi nikiosha vyombo alivyolia. Nilipita sebuleni na ndoo nikamwona birika wangu akitembezwa kwenye barabara nilizozipaka mimi, nyumba zangu zikimfungulia milango yeye. Aliupiga teke ule mti mzee ili aone kama utanyamaza. Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni ndege. Jioni ikifika alitupa pedi kwenye kochi akapiga kelele, "Nai, njoo useivu!" Kutunza kisiwa aliona ni kazi ya nyumbani, sawa na kufungia kuku. Nilikuja, nikabonyeza yesi, nikarudi jikoni. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kisiwa. Kama ingekuwa kwa ajili yake, ningekuwa nimemwagia mashine uji.

Halafu siku moja nikaja kuseivu nikakuta kifuani mwa birika pameandikwa GODI.

Nilimwambia arudishe. Akacheka. "Nani kafika kileleni? Mimi. Sasa la nani?" Alikuwa amebakiza hatua chache za kilele cha mwisho, lakini njia yote ya kufika hapo niliipaka mimi, jiwe kwa jiwe. Nikaenda kushtaki. Mama akasema ni gemu tu. Baba akasema tusimpigie kelele. Baba mkubwa alipopiga simu usiku ule kumsalimia mwanawe, Godi alimwomba ruhusa ya kuondoka na diski na memori, kwa sababu rafiki yake wa Dar alikuwa na mashine kama ile na alitaka akamwonyeshe kisiwa "chake". Baba mkubwa akamwambia baba mdogo ampe. Baba mdogo alikuwa mdogo, na kwetu mdogo hamkatalii mkubwa kwa sababu ya diski iliyochubuka.

Kuanzia hapo sikuwa mtoto tena, nilikuwa kisasi chenye magauni. Nilimpa chai bila sukari nikasema imekwisha. Nilimpakulia ukoko. Nikiwa nakata majani ya ng'ombe, kila shina lilikuwa shingo ya Godi. Nilifikiria kumlisha mbuzi wa jirani ile kadi, kuizika chini ya mgomba, kuichemsha. Mwisho nikatafuta upupu, nikaukunja kwenye jani ili nikautie ndani ya shati lake la safari. Upupu hauchagui. Nilijikuna kuanzia viwiko mpaka kisogo, Mama akanipaka majivu mbele ya Godi, na Godi akacheka mpaka akavua miwani yake ya jua kupangusa machozi. Bibi aliniangalia nikijikuna. "Kisasi mwachie Mungu," akasema taratibu. Nilimchukia hata yeye kwa dakika hiyo.

Siku ya kuondoka kwa Godi, begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Alibakiza kumaliza kilele. Mimi nilikuwa uani nafua mashuka aliyolalia. Nikasikia muziki wa tarumbeta nyingi ambao sikuwahi kuusikia, nikajua kilele kimepata rangi na si mimi niliyekipaka. Nakumbuka povu lilivyonikaukia mikononi.

Kisha akaita. "Nai! Njoo useivu, basi linaniacha!"

Sikwenda haraka. Nilifika mlangoni na ndoo mkononi nikasimama. Godi alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, ndege amesimama na kisiwa changu kwenye mdomo, kimekunjwa, rangi zikichungulia pembeni.

"Anauliza nini huyo?" Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ya bibi anayemsaidia mjukuu aliye na haraka.

"Anasema, 'Hutaki nikutunzie?'"

"Na wewe hutaki?"

"Nataka, Bibi!"

"Sasa unamngoja Nai wa nini? Mwambie hapana, unataka."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, neno moja dogo, na kisiwa changu kingepona, kikaenda Dar na jina la Godi kifuani, kikapigwa teke na mtoto nisiyemjua. Nikaufunga mdomo. Godi akabonyeza noo.

Ndege akakikung'uta. Kilele kikaenda kwanza, kisha mji, nyumba zikigeuka moja moja kutupa mgongo, kisha msitu, mti mzee ukakohoa ukanyamaza. Ufukwe ulikuwa wa mwisho. Ilichukua muda mrefu, maana nilikuwa nimepaka vingi. Godi aliminya kila kitufe kilichokuwa kwenye pedi. Alisema "aisee, aisee," sauti yake ikipanda kila mara, mpaka ikawa ya mtoto. Alipolia, alilia vizuri, kwa kamasi. Nami niliangalia kila tone. Kuna watu watakuambia kisasi hakina utamu. Hao hawakuwahi kulipiza kwa mtu anayestahili. Kilikuwa kitamu kuliko muwa, na kilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu kile kilichokuwa kinadondoka kilikuwa changu. Bora kidondoke.

"Pole, mjukuu wangu," Bibi akamwambia. "Mimi mambo ya mashine sijui."

Godi aliondoka bila kuigusa diski. Nami kabla ya shule kufunguliwa nilianza tena kwenye kijivu, jina NAI kifuani, na mara hii nilifika kileleni mwenyewe. Nyuma ya kilele, kwa taarifa yenu, kuna baridi. Birika linatetemeka mpaka kifuniko kinagonga. Nilimwita Bibi aone kwamba alisema kweli.

Kwa miaka mingi niliamini alikosea. Mzee asiyejua Kizungu, amesahau somo la ndege, ameropoka. Nilisimulia hivyo kwa rafiki zangu: Mungu alinilipia kwa kinywa cha bibi yangu aliyesahau. Nilipenda kuisimulia hivyo, ilinifanya nijione mteule.

Halafu ikaja harusi ya Godi, miaka michache iliyopita, kwenye ukumbi mmoja huko Themi. Wazee walikuwa na meza yao na sufuria yao ya loshoro, mahindi na maziwa mgando, kwa kuwa pilau ya ukumbini waliiona ni ya watoto. Niliwekwa pale kuwahudumia, bado mtu wa hapahapa. Bibi alikaa karibu na kaka yake mkubwa, Babu Anaeli, mzee aliyepungua mpaka suti ikawa inamvaa yeye. Alikuwa amechangamka, akaanza kunihadithia utoto wao kule juu.

Bibi alipokuwa msichana, ng'ombe mmoja alikufa akizaa, na ndama jike akabaki. Baba yao alimwambia Bibi akimlea ndama atakuwa wake. Akamnywesha kwa kibuyu, akalala naye karibu na moto, akamchunga mpaka akawa mtamba wa kupendeza, anayekuja akiitwa jina. Babu Anaeli alipotaka baiskeli, baba yao akasema mtamba apelekwe mnadani Tengeru. Bibi akapinga. Wakamwambia amwachie kaka yake, yeye ataolewa.

"Asubuhi nakwenda kumchukua," Babu akasema, "hayupo! Kamba ipo pale pale. Haikukatwa, ilifunguliwa. Mtamba kaingia msituni, hatukumwona tena, nadhani aliliwa na chui. Baiskeli nikaikosa!" Akacheka kwa meno mawili yaliyosalia. "Nilimshuku huyu. Mpaka leo namshuku."

Akamgeukia Bibi, akamgusa kiwiko, akamuuliza kwa utani wa ndugu waliozeeka pamoja, "Sema kweli mbele ya mjukuu, dada. Hukumfungulia wewe?"

Mwiko ukanitulia mkononi. Nilimwona tena msichana anayelala na ndama karibu na moto, nikamwona bibi kwenye kiti cha dirishani, maharage mapajani, kichwa chake peke yake kikikataa kutikisika. Nilikuwa nimedhani kisasi cha siku ile kilikuwa changu. Bibi akageuka. Aliniangalia mimi kwanza, moja kwa moja, macho yake yamekauka na yana furaha.

"Yesi," akasema.

Babu Anaeli akacheka, akaridhika. "Ndiyo, hakumfungulia," akatuambia sote, "hata mimi nilijua, huyu hana roho hiyo." Bibi akasukuma bakuli lake kuelekea kwangu nimwongeze loshoro.